Bi Vijiti Ni Mama Yangu

Mama yangu alipoanza kuyumba mbele ya ofisi ya kijiji, mimi nilipiga makofi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote, na nikiliacha mwisho nitaona aibu niliruke. Nilikuwa wa umri wa kuanza darasa la kwanza. Mama alikuwa amevaa koti la baba, kubwa, mikono imekunjwa mara mbili, na alikuwa ametoka kumeza chakula alichopewa mbele ya watu wote. Mguu ukaenda upande, ukarudi, mwingine ukainuka kama unatafuta ngazi. Kiuno kikazunguka. Mikono ikapanda juu, vidole vinatetemeka. Mimi nilimjua mama kuwa mchezaji hodari wa ngoma kuliko wanawake wote wa kijiji chetu cha Matambarale, basi niliona ameshinda. Niliona anawachezea wale waliokuwa wanamsema. Nikapiga makofi, na mwenzangu aliyesimama ubavuni kwangu, Rukia, binti wa balozi wetu wa nyumba kumi, naye akapiga. Tukapiga mpaka mama akaanguka kifudifudi na povu likamtoka.

Hiyo ndiyo ngoma mnayoicheza kwenye harusi.

Wenzangu wa rika langu, Bi Vijiti mnamjua, na kama hamumjui basi wajukuu zenu wanamjua. Ni yule kikongwe wa kwenye filamu, mwenye koti la kiume lililochanika na vijiti saba vimechomekwa kwenye nywele. Analisha watu mizizi ya porini, wanakamata matumbo, wanamlazimisha ale mwenyewe, na akila anacheza. Nchi nzima inampenda. Hapa Nachingwea, nakaanga mihogo karibu na stendi, na vijana wa bodaboda wamebandika picha yake kwenye pikipiki. Nikipita wananitania, bibi tupe hatua mbili za Bi Vijiti. Hawajui wanamwambia nani. Juzi mjukuu wangu Naima alirudi shuleni amejichomeka njiti za kiberiti kichwani, akacheza uani mbele ya mama yangu aliyekuwa amekaa mkekani. Mama alimtazama mpaka akamaliza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka pajani, kama unavyotetemeka tangu siku ile. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayesahihisha mshono:

"Amekosea mguu. Mimi ulianza wa kushoto."

Basi mjue kwamba mama yu hai. Hana nguvu, anakula uji kidogo, lakini akili yake iko timamu na ana jambo moja tu analoniomba. Anataka akifa azikwe Matambarale, kando ya kaka yangu Issa. Nimekwenda huko mara mbili kuomba. Mwenyekiti wa sasa ni kijana, ana heshima, aliniita mama mkubwa na kunipa kiti. Lakini wazee waliokaa naye waliuliza, ni yule wa kwenye sinema? Yule aliyeua mtoto wake mwenyewe? Mmoja akasema makaburi yao yana watu wema, hawataki kuyachanganya. Mwenyekiti alinisindikiza mpaka barabarani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hana neno, ila alete nani wa kusema vinginevyo, maana waliokuwepo wamekwisha, mimi ni mtoto wa mtuhumiwa, na filamu kila mtu ameiona. Nipate mtu mmoja tu wa pembeni, aliyeona kwa macho.

Mtu huyo yupo. Ndiye anayecheza Bi Vijiti.

Rukia binti Selemani ameiandika hadithi hiyo mwenyewe, na kikongwe anamwigiza mwenyewe. Nilimsikia redioni nikiwa na karai la mihogo jikoni. Mtangazaji alimuuliza mhusika huyu amemtoa wapi. Akacheka, akasema kuna mama mmoja wa kijijini kwao kule Ruangwa, alikuwa mchawi, basi ndiye aliyempa wazo. Akaulizwa maana ya vijiti. Akasema kila kijiti ni roho aliyoila. Na koti? Koti ni la mume aliyemroga, linaonyesha mwanamke anavyoweza kummeza mwanamume. Na ile ngoma? Ile, akasema, ni toba, ni roho mbaya inamtoka. Mtangazaji akasema, duh, dada, kumbe kuna elimu nzito humo ndani. Mihogo yangu iliungua. Nilisimama pale na moshi ukinijaa machoni, nikaona niandike. Mimi darasa la nne sikumaliza. Lakini maana ya vijiti vile naijua kuliko yeye alivyoisema, na yeye mwenyewe anaijua.

Ninyi mliokulia huku mnakumbuka njaa zetu. Mahindi yakikataa na mtama ukiliwa na ndege, mama zetu waliingia porini. Wengine walichimba ming'oko, ile haina taabu, unachemsha unakula. Lakini ming'oko ikiisha, zinabaki ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Ukikila hivi hivi, ulimi unawaka, kichwa kinazunguka, viungo vinakataa amri. Lakini wazee wetu walijua namna yake. Unamenya, unakata vipande vyembamba kama kucha, unatia ndani ya gunia, unalizamisha gunia kwenye kijito mahali maji yanapokimbia, unalibana na mawe. Siku saba. Maji yanaondoka na sumu, na siku ya saba una chakula. Nina miaka yangu leo, lakini nikipita mahali maji yamelala na majani yameoza, harufu ile inanipanda puani na njaa inaniuma hapo hapo, hata kama nimeshiba.

Sasa hizo siku saba zinahesabiwaje na watu wenye njaa, wasiojua kuandika, wanaowaza chakula tu? Kwa vijiti. Kila mwanamke alikuwa na mahali pake kijitoni, na kila alfajiri alikwenda akachomeka kijiti kimoja kwenye tope la ukingo, mbele ya gunia lake. Ukipita unaona: huyu ana viwili, huyu ana vitano. Gunia la mwenzio huligusi hata likiwa limeelea. Mama alikuwa akitoka mapema kwenda kuchomeka, na asubuhi za kiangazi kijitoni zina baridi inayokata, ndiyo maana alivaa koti la baba. Baba hakurogwa na mtu. Alikwenda Mtwara kutafuta kazi, akaipata, akapata na mke. Koti alilisahau msumarini. Hiyo ndiyo siri yote ya lile koti.

Mwaka huo kulikuwa na kazi ya msaragambo, kila nyumba itoe mtu wa kufyeka barabara inayokwenda upande wa mto Mbwemkuru. Nyumba yetu haikuwa na mwanamume, ikamtoa Issa, ana miaka kumi, fyekeo refu kuliko yeye. Alikwenda kwa furaha kwa sababu wafanyakazi waliahidiwa chakula. Unga wa kazi hiyo ulikuja kweli. Niliuona, watoto wote tuliuona, magunia yameshushwa nyumbani kwa balozi Selemani. Hayakutoka. Siku zilivyokwenda ukawa unasikia usiulize, ukiuliza unaambiwa umma uwe na subira. Halafu ikasikika kwamba wakubwa watakuja kukagua kazi, na kwamba watataka kuona watu wanakula. Ndipo Selemani akahangaika.

Alikuja kwetu. Mama alikuwa anafagia. Gunia lake la ndiga ndilo lilikuwa kubwa kijitoni, maana mama hakuwa mvivu. Selemani akasema Mama Issa, toa chakula chako kwa ajili ya umma. Mama akamjibu kwa adabu kabisa, bila kuacha ufagio, kwamba atatoa, tena kwa moyo, ila zina siku nne, arudi siku ya saba. Selemani akasema wakubwa wanakuja kesho. Mama akasema, "Baba, mimi siye ninayezikataza. Ni maji hayajamaliza."

Akaondoka. Siku iliyofuata, jua likiwa limepanda, mama yuko shambani, mimi na Rukia tulikuwa kijitoni tunasugua masufuria ya mama yake. Nilikuwa napenda kumsaidia Rukia, kwao masufuria yalikuwa na ukoko. Tukamwona Selemani anashuka na mkewe, Bi Hawa. Wakasogeza mawe, wakavuta gunia la mama, maji yakachuruzika, Bi Hawa akajitwika. Selemani akabaki. Akatazama vile vijiti. Asubuhi ile mama alikuwa amechomeka cha tano? Hapana. Hapa ndipo watu wanaponibana, basi nasema wazi: siku ile mama aliamka na homa, akachelewa, akaenda shambani moja kwa moja, akasema atapitia kijitoni jioni. Vilikuwa vinne. Selemani akavunja tawi la mti, akalikata vipande vitatu, akavichomeka kimoja kimoja, akavisawazisha na vile vinne. Saba.

Sasa nisikilizeni nilivyokuwa mjinga. Sikuogopa. Sikuona wizi. Mimi nilikuwa namwona Selemani ndiye mtu anayepanga siku. Yeye ndiye aliyekuwa akipita na kutangaza kesho msaragambo, keshokutwa mkutano, Idi ni Jumanne. Nikadhani mtu mkubwa namna ile anaweza pia kuongeza siku, kwamba akichomeka vijiti vitatu, siku tatu zimepita kweli na maji yamefanya kazi yake. Nilifurahi. Nilimuuliza Rukia kama zimeiva, akaniambia kwa maringo kabisa, "Baba ndiye anayesema." Selemani akatugeukia akatutazama, akatabasamu, akaenda zake. Nilikaa pale nikiwaza kwamba leo Issa atakula.

Bi Hawa alipika. Wanawake waliokuwa jikoni walisema baadaye, chini chini, kwamba alionja ulimi ukamwasha, akatia ukwaju mwingi kuficha. Naliandika jina lake hapa, Bi Hawa mke wa Selemani, kwa sababu hilo nalo halikuwekwa kwenye filamu. Wakubwa walikuja, wakatazama watu wamepanga foleni na sahani, wakaridhika, wakaondoka. Wanaume walionja, wenye akili wakatema, wengine wakala kidogo wakaumwa siku mbili. Issa alikuwa mtoto aliyefyeka tangu asubuhi. Alikula sahani yake, akala na ya mwenzake. Kipande kimoja alinifungia kwenye jani akaniletea nyumbani mbio. Nikakiramba, kikaniwasha, nikakitema nikamwambia kibaya. Akanicheka, akasema nimezoea kudeka, akakiokota akakila na hicho. Kabla jua halijazama alikuwa hawezi kusema hata jina lake. Alifia mikononi mwa mama, juu ya lile koti.

Walimzika asubuhi. Tope la kaburi halijakauka, mama akaitwa ofisini. Selemani alisimama akasema ndiga zilikuwa za nani? Za Mama Issa. Nani hajui kuloweka ndiga? Hakuna. Basi kama watu wameumwa na mtoto amekufa, ametia kitu. Mama akasema zilikuwa na siku nne na hakumpa mtu. Selemani akawachukua watu wote wakashuka kijitoni. Saba. Watu wakaamini, kwa sababu vijiti vya mwanamke ni ahadi yake, havisemi uongo. Ndipo mimi nikasema. Nilisema kwa sauti, bila hofu, maana nilidhani nasema jambo zuri: baba yake Rukia ndiye aliyeongeza siku. Watu wakacheka, siku zinaongezwaje. Karani wa kijiji akauliza nani mwingine alikuwepo. Nikamwonyesha Rukia. Rukia akamtazama baba yake. Nakumbuka alikuwa na gauni lenye vifungo vyekundu, na kimoja alikuwa anakizungusha.

"Vilikuwa saba," akasema.

Karani akaandika saba.

Tukarudi ofisini. Selemani akaleta masalia ya sufuria kwenye bakuli, akaliweka chini. Akasema kama ni safi, ale. Mama alitazama bakuli. Kukataa ni kukiri, na hilo kila mtu alilijua, hata yeye. Lakini sidhani kama aliwaza hayo. Alinyoosha mkono.

"Lete," akasema. "Mwanangu amekula, nami nile."

Mengine nimeshayasema juu kabisa, na mtanisamehe sirudii.

Wanawake wawili walimburuta wakamnywesha maji ya majivu mpaka akatapika, wala sikuyajua majina yao, Mungu awalipe. Hakufa. Wakasema ndiyo maana, mchawi hafi kwa sumu yake. Tulifukuzwa. Tulitembea mpaka Nachingwea, mama akisimama kila mti kwa sababu mguu wa kushoto ulikuwa unajivuta. Nilianza shule hapa, na habari ikanifuata shuleni kupitia watu wa sokoni waliotoka Ruangwa. Nikawa mtoto wa mla watu. Hakuna aliyekubali kukaa dawati moja nami. Darasa la nne niliweka daftari chini nikaanza kuuza mihogo. Leo nikisikia watu wanasema sikusoma kwa uvivu wangu, nageuza mihogo yangu.

Selemani alizeeka vizuri. Alizikwa Matambarale kwa heshima zote, hatua kumi kutoka kwa Issa. Kaka yangu amelala jirani na aliyemuua, na mama yake ndiye anayezuiwa.

Rukia nilimpata kwenye simu. Ilinichukua wiki nyingi kupata namba. Aliponijua alifurahi, kweli alifurahi, akaniita dada, akaniuliza mama hajambo. Nikamwambia habari ya kaburi. Akasema ile ni sanaa tu, dada, mhusika si mtu, mhusika ni alama. Nikamuuliza alama ya nini. Akasema ya ujinga wa kale, ya giza tulilotoka. Nikamwambia giza lile lilikuwa na jina na lilikuwa linalala chumba cha pili kutoka chake. Hakukasirika. Akasema watu wanampenda Bi Vijiti, mama yangu amekuwa mtu mkubwa bila kujua, na kwamba filamu ya pili ikitoka atatuma gari tumlete mama Dar es Salaam, apande jukwaani, watu wasimame na kumpigia makofi.

Nilikata simu.

Nimewaza sana tangu siku hiyo, kama namwonea. Mtoto wa miaka saba aliyesema uongo akimtazama baba yake, huyo simlaumu. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo, baba ni baba, na watu walikuwa wengi. Mtoto yule namsamehe hata leo, aje anywe chai. Ninayemlaumu ni mwanamke wa miaka hamsini. Mwanamke huyu alikumbuka koti, akakumbuka bakuli, akakumbuka mguu unavyoinuka na vidole vinavyotetemeka, akajifunza vyote mpaka akavipatia, na katika kumbukumbu yote hiyo nzuri, kitu kimoja tu ndicho alichokigeuza. Angesahau ningesema amesahau. Lakini mtu anayesahau hageuzi, anaacha. Yeye alivitoa vijiti ukingoni akavichomeka kichwani kwa mama yangu, kisha akaenda redioni kueleza maana yake.

Ninyi mnaoipenda filamu ile siwakatazi kucheka. Mlikuwa hamjui, kama mimi nilivyokuwa sijui nikipiga makofi. Sasa mnajua.

Na wewe Rukia, binti Selemani na Bi Hawa, gari lako sitaki, na radhi ya redioni sitaki. Mwenyekiti wa Matambarale ameomba mtu mmoja, na umebaki wewe peke yako chini ya jua. Panda basi mpaka Nachingwea, nitakupokea mimi mwenyewe stendi, nitakulaza kwangu, hutatukanwa na mtu. Utasimama mbele ya wazee wale useme ulichokiona kijitoni, maneno machache tu, kisha urudi zako ukaendelee na kazi yako. Mama anameza uji vijiko vitatu kwa siku, na jana alikataa cha tatu. Namba yangu unayo. Usinieleze habari ya sanaa. Niambie unakuja lini.